Maganda Aliyoyapika Leander

Leander Rumbolt alikoroga chai yake, akakilamba kijiko mbele na nyuma, kisha akakitumbukiza kikiwa na mate yake kwenye kopo la baruti.

Keziah Pardy alikuwa amesimama penye jiko la chuma akitazama mkate, na yote hayo aliyaona. Alimwambia kwa upole kwamba baruti haitaki unyevu, na kwamba kipo kipimo cha bati kimetundikwa pale ukutani. Leander akacheka, akasema mate ya mwanamume ni makavu. Halafu akatema tumbaku ndani ya kikombe kilekile alichokuwa akinywea, maana chai ilikuwa imekwisha.

Keziah aligeuka, akaupangusa mkate ambao haukuhitaji kupanguswa.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi kasisi angefika Ghuba ya Kittle kwa mashua ya mwisho, kabla barafu haijafunga pwani yote ya Labrador. Baada ya hapo ni theluji mpaka mwezi wa sita, wala hakuna wa kufungisha ndoa. Kwa hiyo Keziah alikuwa na siku mbili za kusema ndiyo au hapana. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane wa mwaka wa sita, na goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha kumkataa. Kupasua kuni, kutoboa barafu ili apate maji, kukokota kigari cha theluji peke yake: majira mengine ya baridi ya namna hiyo aliyaogopa kuliko kifo. Leander naye alikuwa mjane, mabega yake bado mapana. Mdogo wake Keziah, Drusilla, ndiye aliyeipika posa hiyo, na kila siku alimkumbusha kwamba mtu mzima hachagui nazi kwa kuigonga. Achukue iliyopo.

Basi Keziah alikuwa amejikaza. Wiki nzima Leander alikuwa akija kumsaidia kutengeneza risasi za kwale. Aliukata ukucha wake wa gumba kwa mkasi wa kukatia vizibo vya sufu vya risasi, kipande kikarukia siagini. Alijichokonoa sikio kwa msumari wa kutolea fataki, vile vidude vya kuwashia baruti, zikiisha kutumika, akakitazama alichopata, akaupangusa msumari kwenye suruali na kuendelea na kazi. Keziah alijisemea kuwa mwanamume ni kama nyumba ya kupanga, unahamia kwanza ndipo unafagia.

Kazi yenyewe aliipenda. Bunduki aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa ya mdomo mwembamba, na risasi zake za dukani zilikuwa za karatasi, ghali, na zilivimba zikipata umande. Watu wa ghuba ile hawakuzinunua. Vijana walinzi wa pwani walipewa na serikali raifoli za jeshi tangu vita vilipokwisha, na kila walipofanya mazoezi waliacha maganda ya shaba chini kama maganda ya karanga. Maganda hayo ndiyo Keziah aliyoyageuza. Kwanza unayasimamisha kwenye sinia la maji, maji yafike kiunoni, ndipo unaichoma midomo yake tu kwa moto mpaka ilainike. Kisha unatia fataki, baruti kidogo, unga wa mahindi mpaka juu, unaziba kwa nta, unapiga hewani. Unga unatoka kama moshi wa mwokaji, na ile shingo nyembamba ya ganda inafutuka mpaka inaenea kwenye bunduki. Baada ya hapo ganda lako ni lako, utalijaza marisaa miaka na miaka.

Lakini kitako hakiguswi na moto. Mtoto wa Kittle anajua hilo kabla hajajua sala. Kitako kikipikwa kinakuwa laini, na siku utakayofyatua, moto unarudi nyuma usoni mwako. Abner, binamu yake Keziah, aliwahi kuyamwaga maganda yake yote ndani ya moto wa jiko mara moja kwa uvivu wa kuchota maji, na sasa jicho lake moja ni shimo lililofunikwa kwa kitambaa.

Jumanne Keziah alishinda kwa Drusilla, akamwachia Leander maganda mapya ayachome. Aliporudi aliyakuta yamekwisha kazi, yamesuguliwa kwa siki na majivu mpaka yanang'aa kama vifungo vya askari. Alimsifu. Alifikiri, kumbe ana mikono.

Sasa Alhamisi hii Leander alikuwa amekwisha kuyagawa maganda. Mfuko wake wa ngozi huku, kopo la maganda ya Keziah kule. Mwenyewe alikuwa akijaza za kwake kwa kile kijiko chake cha mate. Keziah aliuacha mkate, akaketi, akachukua ganda la kwanza kutoka koponi na kuisukuma fataki kwenye tundu la kitakoni.

Ikaingia bila kusukumwa. Ikateleza kama kidole kwenye samli.

Aliitazama. Fataki ni ya kukandamizwa kwa nguvu mpaka kifundo cha mkono kiumie. Akachukua ganda la pili, tupu, akaliangusha mezani. Likafanya du, kama kitako cha mshumaa. La tatu, du. Aliyaangusha yote kumi na manane, polepole, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililolia.

Leander alikuwa ameacha kujaza.

Keziah akanyoosha mkono mpaka kwenye mfuko wa ngozi, akatoa ganda moja ambalo halijajazwa, akaliangusha. Likalia kengele safi. Akaligeuza, akauona kitakoni mkwaruzo wa patasi ya marehemu mumewe. Lilikuwa la kwake, la miaka yote. Yote ya mfukoni yalikuwa ya kwake.

"Uliyapika kwenye jiko," alisema.

Leander alijibu kwamba maji yalikuwa mbali na siku ilikuwa baridi.

"Ukajua yameharibika, ndiyo maana ukayasugua."

"Usikuze mambo, Kezi. Kwani wewe unapiga ndege wangapi? Watano, sita, hapo nyuma ya nyumba. Mimi ndiye nitakayekwenda mbali kutafuta kitoweo. Kwa kazi yako ndogo hayo yatavumilia."

Alisema bila haya, kama mtu anayemgawia mbwa mifupa. Ute wa tumbaku ulikuwa umemganda pembeni mwa mdomo. Keziah alihisi kinyaa kile cha wiki nzima, na sasa kilikuwa na jina. Ukucha ungefagiwa, kikombe kingeoshwa. Hili lingeoshwa kwa maji gani?

Hata hivyo hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Alijaza ganda moja la koponi kwa kipimo sahihi, akaliziba, akaliweka mbele yake. Akaishusha bunduki ukutani, akailaza kando ya lile ganda.

"Kama yatavumilia, toka hapo mlangoni ulipige hilo moja. Ukirudi na uso wako, Jumamosi nitavaa gauni."

Leander akaitazama bunduki. Akajikuna shingo, akasema upepo ni mbaya. Akasema watu watashtuka wakisikia mlio. Keziah akasubiri, mikono yake mapajani, kama anayesubiri mkate. Mwishowe mkate wenyewe ukaungua, na yeye hakuinuka.

Leander alichukua kofia. Alipounyoosha mkono kwenye mfuko wa ngozi, Keziah aliufunika mfuko kwa kiganja chake.

"Mfuko ni wako. Vilivyomo ni vyangu."

Akaumwaga mezani, akamrudishia mtupu.

Kabla ya jioni Drusilla alikwisha kufika, mbio, shali begani. Alisema Keziah ameingiwa na wazimu wa uzeeni, kwamba kijiko na tumbaku si sababu, kwamba nani sasa atampasulia kuni. Keziah alimwambia si kijiko. Alimweleza la maganda, lote. Drusilla, ambaye Abner alikula mezani kwake kila Jumapili, aliuliza kama Leander labda alisahau tu.

"Aliyesahau hagawi," alisema Keziah.

Akatoka nje na kopo la maganda na nyundo. Aliketi kwenye jiwe la mlangoni, goti likiwa limenyooshwa mbele, akalifungua lile ganda moja alilolijaza, akaitoa fataki na kuimwaga baruti kwenye dimbwi la maji. Kisha akaanza kuyaponda yale kumi na manane, moja moja, mpaka yakawa bapa na hakuna mtu, mvivu wala mwerevu, ambaye angeweza kuyatia kwenye bunduki. Kwa nguvu zake ilikuwa kazi ndefu. Drusilla alisimama akimtazama, akashusha pumzi, akazunguka nyuma ya nyumba, na baada ya muda ikasikika sauti ya shoka likigonga gogo vibaya, kwa mkono usiozoea.