Sakafu Isiyopoa

Nilijenga juu ya lava kabla haijapoa, na sitaki kuchekwa. Volkano ilipopasuka, lava ilimeza nyumba yangu na mapipa yangu yote ya mvinyo polepole, huku tumesimama pembeni tunatazama. Mwaka wa pili nikarudi hapa kijijini Chã, nikapandisha matofali palepale, juu ya paa langu la zamani. Ukisimama peku, sakafu ilikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini. Nikasema si mbaya, magoti yangu yatafurahi.

Binti yangu Ivandra, muuguzi huko chini mjini São Filipe, hakufurahi hata kidogo.

"Mama, nakupa mavuno haya tu."

"Unanipa? Wewe?"

"Mvinyo ukikushinda, Novemba nakuja kukuhamisha. Chumba chako nimeshakipaka rangi."

Rangi yenyewe ya waridi. Yaani mimi nizeeke kwenye chumba cha waridi, natazama ukuta wa jirani! Nilikasirika wiki nzima.

Mizabibu yangu ya mteremkoni ilikuwa imepona, kila mmoja ndani ya shimo lake la majivu, na ilizaa vizuri. Siku ya kuchuma alikuja shemeji yangu Nhelas, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye anafuga mbuzi kule kwenye genge la mlima, ambako lava haikufika. Akagusa sakafu yangu kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Shemeji, pipa lilete zizini kwangu. Kule mwamba ni wa baridi."

"Mvinyo wa kaka yako ukanuke beberu? Koma!"

"Kaka mwenyewe alinuka beberu, na ulimpenda."

Nilimtoa kwa ufagio.

Basi pipa likakaa ndani. Siku ya pili mvinyo ukaanza kutokota kama uji. Siku ya nne povu likamwagika mpaka mlangoni. Wiki ya tatu nilionja, nikatema. Siki tupu. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, sifichi, maana niliiona ile rangi ya waridi mbele ya macho yangu.

Zilibaki zabibu za mwisho, ambazo nilizitandaza chini kwenye chumba cha nyuma kwa kukosa pa kuziweka. Sikuwa na moyo wa kuzitazama. Nilipofungua mlango, zilikuwa zimenyauka kwa joto, zimejikunja. Nikamwita Nhelas azibebe awapelekee mbuzi.

Akala moja. Akala ya pili. Akaketi kabisa.

"Shemeji, mbuzi hawapati kitu hapa."

Nikaonja na mimi. Loo! Utamu ulinishika mpaka masikioni. Tukazikamua siku hiyohiyo, juisi ikatoka kidogo, nzito, ya rangi ya asali. Nikabaki nimesimama na pipa dogo mkononi, namtafutia shemeji maneno.

"Zizi lako bado lina nafasi?"

"Linanuka beberu."

"Nimeuliza kama lina nafasi, Nhelas."

Alilibeba mwenyewe, anacheka njia nzima.

Novemba Ivandra alifika na gari na maboksi matupu. Sikubishana. Nilimmiminia glasi kutoka pipa dogo. Alikunywa mpaka tone la mwisho.

"Huu si mvinyo wa baba."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. "Si wake. Baba yako hakuwa na sakafu hii."

Akavua viatu bila kuambiwa. Akatembea chumba kizima, taratibu, kisha akakaa chini na sare yake ya kazi, akaegemea ukuta na kufumba macho. Mtoto wangu alikuwa amechoka, na mimi sikuwahi kumuuliza.

"Nimiminie tena, Mama."

Jioni tulipanga chupa thelathini na moja kwenye maboksi yake akaziuze mjini. Blanketi alilokuja nalo kwa ajili yangu tulilikata vipande, tukazifungia chupa zisivunjike.

"Na sakafu ikipoa?" aliniuliza mlangoni.

"Ikipoa nitatengeneza ule wa baba yako."