Mama Jerusa Kwenye Seva ya Phelix

Kwa miaka sita ya ndoa, mama mkwe wake Phelix hakuwahi kumwita mkwe. Alimwita "fundi". Binti yake, Quinter, alikuwa ametoroka na Phelix kutoka Fort Ternan bila posa wala harusi, na ingawa baadaye wazee walikwenda wakala kuku na kuelewana, Mama Jerusa alibaki na lake moyoni. "Salimia yule fundi," ndivyo alivyomaliza simu kila Jumapili. Naye Phelix, mtu mzima anayetiiwa na mitambo yote ya kiwanda cha chai pale Mogogosiek, alinuna kama mtoto aliyenyimwa chapati.

Bahati ilimjia kwa mlango wa nyuma. Mama Jerusa alipostaafu, wajukuu walimfundisha mchezo wa kujenga nyumba kwenye simu, nao ukamkolea kabisa. Akataka kujenga pamoja na binti yake. Phelix akajitosa: angeigeuza kompyuta ya nyumbani iwe seva, yaani uwanja wa wachezaji wote kukutana.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti nyumbani, ni kama askari wa geti, haimruhusu mgeni wa nje mpaka iambiwe anapelekwa kwa nani. Phelix aliiambia impeleke kwenye kompyuta, lakini akasahau kuipa kompyuta anwani ya kudumu. Stima ikapotea, ikarudi, ruta ikagawa anwani upya, na ile ya kompyuta ikaangukia televisheni. Saa nzima Mama Jerusa alibisha hodi kwa televisheni, nayo ilikuwa inaonyesha mpira.

"Nimekuja kwenu nikafungiwa nje," alisema kwenye simu. "Mimi mzima! Quinter, ambia fundi najaribu tena Jumapili saa nane. Ikikataa, mimi na nyinyi basi."

Wiki hiyo Phelix alianza upya. Aliifungia kompyuta anwani moja. Aliandika upya kwenye ruta namba ya mlango wa kupitishia wageni, akaisoma kwa sauti mara tatu. Kampuni ya intaneti aliipigia simu mpaka wakaijua sauti yake, wakampa anwani ya nje iliyo yake peke yake. Mwishowe akamwomba Chepkemoi, mwenzake wa kiwandani, ajaribu kuingia kwa simu yake. Chepkemoi akaingia, akabomoa ukuta mmoja, akatoka. Phelix nusura amkumbatie.

Jumapili saa nane kamili Mama Jerusa akaingia. Sauti yake ilitoka kwenye simu ya Quinter iliyokuwa mezani.

"Kumbe kwenu ni pazuri hivi?"

Walijenga mpaka jua la mchezo likazama. Sasa, mchezo huo una sheria yake: usiku haupiti haraka mpaka wachezaji wote walale kitandani, na wasipolala, mazimwi yanatoka. Phelix alikuwa amemwandalia mama chumba chake na kitanda chekundu. Quinter akalala. Phelix akalala. Mama Jerusa akasimama tu katikati ya chumba.

"Mama, si ulale," Quinter alisema. "Ni game tu."

"Hiyo kompyuta iko kwa nyumba ya nani?"

"Yetu."

"Basi silali."

Phelix akaisogelea simu. Amekosea wapi tena? "Mama, ni kitanda? Naweza badilisha rangi."

"Kitanda hakina shida. Lakini sisi ni Wajaluo, ama mlisahau? Tangu lini mama akalala kwa nyumba ya mkwe wake?"

Quinter alimgeukia mumewe, mkono mdomoni. Machozi yalimtoka Phelix na wala hakuona haya.

Nje, mazimwi yalikuwa yameanza kugonga.

"Haya, mkwe," Mama Jerusa alisema, "amka ushike panga, tukeshe."

Phelix aliruka kutoka kitandani kwa furaha, akafungua mlango kabla hajashika panga, akaliwa wa kwanza.