Sauti ya Polepole

Fundi na mkewe walishona katika chumba kimoja, cherehani mbili zikitazamana, na mwanamke huyo hakuwa na ugomvi na dunia mpaka alipoanza kuja mteja mmoja mgeni, ambaye lugha bado ilimpiga chenga. Kwa mgeni huyo Fundi alisimamisha cherehani. Alisogeza kiti, akamtazama usoni, akagusa kitambaa: "Mkono... mrefu? Au... mfupi?" Taratibu, kama anayemimina mafuta kwenye chupa. Mgeni asipoelewa, alirudia, tena kwa tabasamu. Tabasamu! Mkewe miaka yote hiyo anarushiwa maneno bila kutazamwa, mume pini mdomoni.

Wivu ukamkaba. Sura ya mgeni hakuwa na haja nayo. Alichokitaka ni ile sauti.

Jumatatu akatangaza kwamba masikio yamemziba, huenda ni kelele za cherehani. Fundi alishtuka kweli. Akamshika shavu, akasema, "Chai... ipo... mezani." Mama wa watu akainywa kama bibi harusi.

Lakini kabla wiki haijaisha, utamu ulianza kuchacha. Mabishano yalikwisha, na kusengenya wateja, na kumcheka kaka mkubwa wa Fundi. Yalibaki maneno matatu: chai, mkasi, lala.

Siku moja, akiwa uani anaanua nguo, alisikia kicheko cha shemeji yake, mdogo wa Fundi, kikigonga mabati. Aliingia mbio na kuuliza kulikoni. Fundi akamshika shavu.

"Suruali... imechanika," akasema, kisha akamgeukia mdogo wake kuendelea na uhondo.

Roho ikamchoma kuliko siku zote za mgeni.

"Ya nani? Ilichanikia wapi? Na usinikatie maneno vipande vipande, nasikia kuliko wewe."

Fundi akauliza masikio yamezibuka lini. Akajibiwa hayakuziba.

"Na koo langu nimelipasua kwa ajili ya nini?"

"Mgeni unamwongelesha vizuri."

"Mgeni namuuliza mkono mrefu au mfupi, basi. Ningekuwa na la zaidi, ningelisema haraka."

Fundi alinuna kidogo, akaweka pini mdomoni, akaanza hadithi upya kwa kasi yake, ila kila mahali palipokuwa na ujinga wa mwenye suruali, aliigiza kwa sauti ya mkewe. Mkewe alicheka mpaka machozi, huku akimwonea gere shemeji aliyeisikia mara mbili.