Kichwa cha Rozina

"Kichwa kinaniuma, Baba."

Adolfu aliendelea kumfunga binti yake kamba za viatu. Vilikuwa vya mtumba, vya kiume, na alikuwa amevijaza karatasi mbele ili visimvuke.

"Kichwa chako kinauma kila siku ya kazi," alisema. "Juzi nilipopanga kete za chesi kilikuuma. Jana pia. Ukienda kuruka kamba kinapona."

"Leo ni kweli."

"Haya, simama."

Epifania, mkewe, aliacha kukoroga uji. "Baba Rozina, mwache mtoto alale. Tangu alfajiri anatetemeka."

"Nani hatetemeki na upepo huu?"

Ilikuwa Julai, na mtaa mzima wa Katandala ulitembea umejikunyata. Adolfu alimvalisha Rozina sweta lake mwenyewe, akalikunja mikono mara tatu, wakatoka.

Chesi iliingia nyumbani kwao kwa bahati. Mzungu mmoja wa mradi wa maji, aliyepanga karibu na ghala la ushirika, alimfundisha Adolfu ili apate mtu wa kucheza naye jioni. Mradi ulipokwisha alimwachia ubao na kete zake. Adolfu alijifunza kwa shida, kama alivyojifunza kila kitu maishani. Miezi mitatu kuzoea jinsi farasi anavyoruka. Mwaka mzima kabla ya kumfunga mzungu mara moja tu. Rozina alijifunza akiwa na miaka minane, kwa kusimama nyuma ya kiti cha baba yake akila hindi la kuchoma. Siku moja alinyoosha kidole. "Baba, ukimweka huyu pale, mfalme wake amekwisha." Ilikuwa kweli. Yeye akarudi kwenye hindi lake.

Tangu mwaka uliofuata Adolfu hakumfunga tena binti yake. Kufungwa hakukumuuma. Kilichomuuma ni kufungwa na mtu ambaye hata haangalii ubao, anaimba nyimbo za shule na kutazama kuku wa jirani.

Kwa miaka kumi na tisa Adolfu alikuwa karani wa mizani katika ghala la ushirika. Hakuchelewa, hakuiba, hakumpunja mkulima hata kilo moja. Kisha biashara ya mahindi ikafunguliwa kwa watu binafsi. Wenye malori wakaanza kununua mahindi shambani, ushirika ukayumba, na asubuhi moja orodha ya waliopunguzwa kazini ikabandikwa mlangoni. Jina lake lilikuwa la tatu. Mwenzake aliyekuwa akilala juu ya magunia kila alasiri hakuwamo. Sasa, mwaka wa tisini na tano, Adolfu aliwashonea magunia wenye malori hao hao, kwa sindano ndefu iliyomtoboa vidole. Alishona mishono midogo, ya karibu karibu, iliyokazwa, ingawa hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Aliamini kujituma. Hakubakiwa na kitu kingine cha kuamini.

Kwa hiyo padri wa parokia alipotangaza mashindano ya chesi kwa watoto wa darasa la saba, na kwamba mshindi atasomeshwa sekondari mpaka kidato cha nne, Adolfu alimweka binti yake mbele ya ubao kila alasiri kwa wiki sita. Rozina alipiga miayo. Alisema anaumwa tumbo, jino, kichwa. Mara mbili Adolfu alimchapa.

Asubuhi hiyo ya mashindano, katika ukumbi wa parokia, walikuwa watoto wanane. Rozina alimfunga wa kwanza kabla benchi halijapata joto, akamfunga na wa pili. Meza ya pembeni alikuwa Loth, mtoto wa mwalimu, mvulana mwembamba aliyeandika kila hatua ya mchezo kwenye daftari kabla ya kuondoa mkono mezani. Naye alikuwa ameshinda mara mbili, polepole, akihesabu kwa midomo. Adolfu alimtazama kwa muda mrefu. Huyu, aliwaza, ndiye aliyestahili kuzaliwa kwangu.

Alipogeuka, Rozina hakuwepo. Alimkuta nyuma ya ukumbi, ameegemea ukuta, anatapika.

"Inama nikufute."

"Siwezi kuinama, Baba. Shingo."

Alimshika paji la uso ili asianguke. Lilikuwa la moto kama ubavu wa sufuria. Kiganja chake kilikaa pale, kikakaa. Miaka mingi baadaye angejaribu kujiambia kwamba hakujua. Lakini kiganja kilijua.

"Umebaki mchezo mmoja," alisema. "Mmoja tu. Kisha tunarudi nyumbani."

"Nataka kulala."

"Mwangalie Loth. Yeye anataka kulala?"

Alimfuta mdomo kwa ncha ya sweta, akamrudisha ndani kwa kumshika mkono.

Rozina alicheza mchezo wa mwisho macho yakiwa yamefumbwa nusu, kiganja kimoja kikiwa juu ya nyusi. Hakuimba. Hakutazama dirishani. Kila kete aliisogeza kama mtu anayevuta kitu kizito kutoka kisimani. Adolfu alikaa benchi la ukutani na moyo wake ukajaa furaha. Hatimaye, aliwaza, mtoto amejifunza kujituma.

Katikati ya mchezo Rozina alimsukuma malkia wake mbele, mahali ambapo mtu yeyote angemla. Ukumbi ulinong'ona. Loth alitazama ubao, akamtazama Rozina, akatazama ubao tena. Aliandika kwenye daftari, akamla malkia. Hatua sita baadaye Loth alimlaza mfalme wake mwenyewe, kukubali kushindwa, na kunyoosha mkono.

Padri alipiga makofi. Watu wakapiga makofi. Rozina hakuinuka.

"Baba," alisema, "waambie wazime taa."

Hapakuwa na taa. Ilikuwa saa nane mchana.

Alimbeba mgongoni mpaka hospitali, miguu ya mtoto ikimgonga mapajani, kiatu kimoja kikadondoka njiani na hakurudi kukiokota. Walipopita karibu na nyumbani, Epifania aliwafuata mbio, kanga mkononi. Muuguzi aliuliza mgonjwa ameanza kuumwa lini.

"Tangu alfajiri," Epifania alijibu. "Nilimwambia."

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya uchovu, alisema wangemleta asubuhi ingekuwa habari nyingine. Aliisema bila kulaumu, akaenda kitanda kinachofuata.

Siku kumi na nane Epifania alilala chini ya kitanda cha mtoto. Alimnong'oneza Rozina kwa Kifipa, lugha yao ya nyumbani, usiku na mchana. Mumewe alipofika na chakula, alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ile ambayo mtu hutumia ofisini. Hakuiacha tena sauti hiyo.

Rozina alipona, kwa namna ya kupona. Masikio yake hayakusikia tena. Alitembea akishika kuta. Wiki ya kwanza nyumbani Adolfu alipanga kete mbele yake, na mtoto akaokota farasi, akamgeuza geuza vidoleni kama kitu kilichookotwa barabarani. Adolfu akaanza upya. Kila alasiri, magunia yakiisha, alimshika mkono na kumwonyesha: mbili mbele, moja pembeni. Mwisho wa Septemba Rozina aliweza. Jumatatu iliyofuata alikuwa amesahau.

Padri alisubiri mpaka Desemba. Kisha nafasi ikaenda kwa Loth.

Loth alikuja kuaga Januari, amevaa suruali mpya ya shule, daftari kwapani.

"Shikamoo, Baba Rozina."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Nilitaka kumwuliza Rozina jambo." Hakukaa. "Ule mchezo wetu nimeupanga kila siku tangu Julai. Nikimla malkia nafungwa, nisipomla nafungwa. Nimejaza daftari. Sioni alivyoona."

Adolfu alimletea ubao. Loth alizipanga kete bila kutazama maandishi, akasogeza malkia mbele, akaondoa mkono. Wote wawili waliinama juu yake. Adolfu alitafuta kama alivyotafuta kila kitu, kete moja baada ya nyingine, na hakuona chochote.

"Alikaa muda gani kabla ya kusogeza?" Loth aliuliza. "Sikuandika."

"Hakukaa."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na uani Rozina alikuwa amechuchumaa akisugua sufuria kwa majivu. "Rozina!" Loth aliita, akajikumbuka, akashika mdomo.

"Nenda ukasome, mwanangu," Adolfu alisema. "Jitume."

Neno lilimtoka kwa mazoea. Akalisikia. Loth aliaga tena, akaenda.

Adolfu alitoka uani. Mgongo wa binti yake ulikuwa unakwenda mbele na nyuma. Alisugua pale pale, mahali pamoja ambapo palikwisha kung'aa. Akiguswa na mtu asiyemwona, hupiga kelele mpaka majirani waje, kwa hiyo Adolfu hakumgusa. Mawingu yalikuwa yameshuka. Matone ya kwanza yalianguka kwenye sufuria na kuchora vidoa kwenye majivu. Rozina alivitazama, akavisugua pia.

Mvua ikaongezeka. Adolfu alisimama nyuma yake, mikono imening'inia, akisubiri ageuke.