Nyuzi Ndani ya Seli

Harusi ya mdogo wake ilimpagawisha Bi Seli hata akasahau kulisha seli zake. Jina hilo alibandikwa na ndugu zake, maana tangu aajiriwe maabara hakuwa na soga nyingine mezani. Basi yeye huku alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, na seli kule kwenye kabati la joto zikapiga miayo.

Aliporudi kazini, chakula cha seli kilikuwa kimechacha, manjano tupu.

"Nimeziua kwa njaa," alinong'ona. Tayari mguu ulikuwa umefungua pipa la taka, ila moyo ukamwambia: chungulia kwanza.

Akainamia darubini. Alikuwa amekipa rangi ya kijani kimeng'enya kimoja, kile kinachofyatua nukleotidi, matofali ambayo seli hujengea DNA yake. Siku zote kilisambaa kama ukungu. Leo ukungu haukuwapo! Ndani ya kila seli mlilala uzi unaong'aa: vimeng'enya vimeshikana, kimoja nyuma ya kingine.

Simu ikalia. Mama.

"Mama, vimejipanga!"

"Afadhali! Vyote? Mwenye viti vya harusi yuko njiani kuvichukua."

"Si viti, Mama, vimeng'enya!"

"Ndio wadudu gani hao? Wamekuuma?"

Bi Seli akapiga ukelele wa furaha, simu ikamponyoka. Profesa, mkuu wa maabara, mtu ambaye hata umtekenye hacheki, akaingia mbio, koti mkono mmoja ndani mmoja nje.

"Kuna moto?"

"Kuna nyuzi!"

Profesa akatazama. Akatazama tena.

"Umezifanya nini seli hizi?"

"Nilisahau kuzilisha. Nisamehe, Profesa."

"Nikusamehe nini? Zilishe sasa hivi, tuone."

Bi Seli akazimiminia chakula kipya. Wakawa wanapokezana darubini, wakisukumana kwa viwiko kama watoto dirishani. Taratibu nyuzi zikafifia, zikayeyuka kama sukari kwenye chai ya moto, ukungu wa kijani ukarudi.

"Kumbe seli zikiwa na njaa hukifunga kimeng'enya nyuzi nyuzi," Bi Seli alisema, "zikishiba hukifungua!"

Profesa akaanza kwa kukohoa. Kikohozi kikageuka kicheko, kicheko kikamkalisha sakafuni, miwani pembeni, machozi yakimtoka. Bi Seli naye akaketi kando yake, mbavu hana.

"Tuzinyime tena," Profesa alisema alipopata pumzi. "Ila safari hii, binti yangu, kwa makusudi."