Alama za Vidole Begani mwa Emmanuella

Neno lilianzia kwenye robine ya maji ya Muhumba, Bukavu, bamama wakingoja bidon zijae: sabuni za soko zimetiwa dawa ya kuchubua, na kuna mutoto wa Sange aliyetoka ngozi kama kitunguu. Nani alimuona huyo mutoto? Hakuna. Lakini Consolate alilala na neno hilo, akaamka nalo, akaenda nalo misa. Mutoto wake alikuwa mumoja tu, Emmanuella, miaka sita, na baba yake, Mardochée, alikuwa mbali Shabunda kwenye dhahabu.

Basi akaacha sabuni ya soko. Akaponda avoka, akatia kijiko cha asali, akamusugua mutoto polepole, akamumwagia maji ya uvuguvugu. Nisidanganye: ilifaa. Wakati wa jua kali ngozi ya Emmanuella ilikuwa inapasuka kila mwaka. Sasa ikalainika kama ya kitoto kichanga. Bamama wakaanza kuuliza: “Consolate, unamupaka nini?” Naye akafurahi kuulizwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Adélaïde, shangazi ya mutoto, alikuwa anaolewa Siku ya Posho, mwisho wa juma, na Emmanuella alipangwa kubeba maua. Consolate akaangalia yale magoti, bado yako meusi kidogo. Siku ya Ine, siku mbili mbele ya arusi, saa sita, akamuogesha kwenye bassin uani, halafu akakamua ndimu ili amusugue magoti. Mutoto kuona ndimu, akakimbia.

“Maman, inauma!”

“Kuja hapa! Unataka kwenda kwa arusi na magoti ya mbuzi?”

Akamukamata begani kwa mukono, vidole vyote vikitiririka ndimu. Akamusugua. Akamukalisha juani akauke, bila kumusuuza, dawa ipate kuingia.

Kesho yake ngozi ilikuwa nyekundu. Siku ya arusi, mama mukwe wa Consolate, Mama Apolline, alipomuvua mutoto ili amuvalishe robe nyeupe, akaona malengelenge: alama za vidole vine begani, kidole gumba nyuma, na magoti yote mawili yameiva kama ya mutu aliyepigishwa magoti kwenye changarawe.

“Emmanuella, nani alikushika hapa?”

“Maman.”

“Alikushika juu ya nini?”

“Juu nilikimbia, koko.”

“Na ulilia?”

“Nililia.”

Mutoto hakusema uongo hata neno moja.

“Mama, sikumupiga,” Consolate akasema. “Nilimuogesha.”

“Kuogesha gani kunaacha vidole? Weye unaogesha na pasi?” Mama Apolline akageukia wanawake waliojaa chumbani. “Muangalie! Tulitoa ngombe juu ya bibi, kumbe tulijinunulia fimbo.”

Wengine wakacheka. Wengine wakaangalia chini. Jioni simu ya Shabunda ikapita kwa shida. Mardochée akasema maneno machache tu: “Mutoto abakie kwa mama yangu mupaka nirudie.” Kesho yake, Siku ya Mungu, Emmanuella akapelekwa Lwiro kwa koko yake, Mama Apolline.

Siku iliyofuata, Siku ya Kwanza, Consolate akaenda kwa dispansere peke yake. Muforma Firmin, muuguzi wa pale, akamusikiliza, halafu akauliza: “Na mikono yako, maman?” Consolate akaangalia. Katikati ya vidole vyake kulikuwa na madoa meusi, yanawasha. Hakuwa ameyajali.

“Njo ile ile ya mutoto,” Firmin akasema. “Maji ya ndimu ikikutana na jua juu ya ngozi, inaunguza kama maji ya moto. Pale ulipomugusa, njo pale paliungua. Rangi itaisha, lakini inaweza kukamata miezi.” Akamuandikia karatasi.

Consolate akapanda na karatasi hiyo mupaka Lwiro. Mama Apolline akaisoma mara mbili, akaikunja, akamurudishia.

“Nimeamini. Haikuwa ubaya, ilikuwa ujinga. Na ujinga nao unaunguza, binti yangu. Tungoje baba yake.”

Emmanuella alikuwa amesimama mulangoni. Consolate akanyoosha mikono amukumbatie. Mutoto akarudisha bega nyuma.

“Maman, ulinawa?”

Consolate alishuka Bukavu peke yake. Na bamama bado wanamubishia hodi, wanataka ile dawa ya kuogesha. Yeye haelezi tena kwa mudomo. Ameandika kwenye karatasi ya kaye ya shule, ameibandika mulangoni:

Usimupake mutoto ndimu, machungwa wala majani yake.

Ukikamua ndimu, usimushike mutoto mupaka unawe na sabuni.

Usimukaushe juani na kitu chochote ulichomupaka.

Usipake mwili muzima kabla ya kujaribu padogo na kungoja siku mbili.

Usitie soude, ile dawa kali ya kupikia sabuni nyumbani, kwa kukisia.

Usisugue ngozi yenye kidonda, hata na asali.

Usitoboe malengelenge. Usiyapake dawa ya meno.

Usingoje siku tatu kabla ya kwenda kwa dispansere.