Somo la Muhogo katika Ukumbi wa Hounslow

Chuo chetu cha Hounslow, hapa London, sasa kina jengo lake na lifti. Mkuu wa sasa, binti mwenye digrii nyingi kuliko viatu, amechapisha historia ya chuo kwenye karatasi nzito za kung'aa. Humo imeandikwa kwamba waasisi "walianza na utamaduni wa chakula ili kuwaunganisha wahamiaji". Nimeisoma kwa miwani, nikaisoma bila miwani. Sasa nieleze mambo yalivyokuwa.

Chuo alikianzisha Surjit, Singasinga wa Kisumu. Kule alikuwa akisomesha tarehe, yaani historia, katika skuli ya sekondari. Hapa alipakia mizigo kiwanja cha ndege, na wenziwe, kwa kuona jina lake refu, wakamwita Sid. Wiki nzima alikuwa Sid. Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa nyuma ya kanisa, alikuwa Mwalimu. Alivaa tai, akatufundisha tarehe, falsafa, mashairi, nyota, kila kitu ambacho hakimpatii mtu kazi. Mume wangu Mbarouk aliniuliza elimu hiyo ina faida gani. Nikamwambia inanipumzisha na maswali yako. Na ukumbi ulikuwa na hita.

Tulisoma kwa Kiswahili. Mwalimu kwao Kipunjabi, Pushpa wa Jinja Kigujarati, Mahmood wa Tanga Kikachi, na mie Mzanzibari. Kiingereza tulikitumia wiki nzima kuwaombea watu radhi, kwa hiyo Jumamosi tulikipumzisha.

Baridi iliyofuata ile ya Waasia waliofukuzwa Uganda kuingia Uingereza, jirani mmoja alilalamika kwamba sisi hatusomi, tunapiga soga. Ukumbi tulipewa bure kwa sharti la masomo. Kamati ya ukumbi ikasema itamtuma mama mmoja aje kutazama. Asipoona masomo, ukumbi utapewa watu wa mpira wa meza, na Sid atabaki Sid hata Jumamosi.

Mwalimu alitukalisha.

"Mama huyu akifika, ni somo tu. Hakuna chai. Hakuna sahani. Hakuna 'onja kidogo'. Bi Sheikha, nakutazama wewe."

"Mbona hunitazami kwenye maswali ya falsafa?" nikamuuliza.

"Kwa sababu hujapata kujibu hata moja."

Pushpa hakuridhika. "Mgeni atakaa mdomo mkavu? Atasema sisi watu gani?"

"Atasema sisi wanafunzi, Pushpaben."

Tukakubali wote.

Jumamosi mama wa kamati akaja, amelowa mvua. Alipoona viatu vyetu mlangoni naye akavua vyake, soksi moja imetoboka kidoleni, akakaa nyuma. Mwalimu akaanza somo la kuanguka kwa dola ya Warumi. Alikuwa na sauti nzuri siku ile, na sisi tulinyooka kama tunapigwa picha. Mambo yalikwenda vizuri mpaka yule mama akakohoa.

Ni kukohoa tu. Pushpa akafungua mkoba. "Maji," akanong'ona, "maji si chakula." Lakini alichotoa ni chupa ya chai, na chai haitolewi peke yake, ikafuata bakuli ya muhogo wa kukaanga, na ndimu na pilipili juu. Mahmood akamtazama kwa masikitiko, akainama chini ya kiti akatoa kababu za mkewe, kwani muhogo mtupu mbele ya mgeni ni dharau. Mie nilikuwa na katlesi, za dharura.

Dola ya Warumi ikaanguka peke yake, hakuna aliyeitazama.

Mama akala. Akaonyesha muhogo kwa kidole, akainua nyusi.

"Jinja," Pushpa akamjibu. "Muhogo asili yake Jinja."

"Nani kakwambia?" akasema Mahmood. "Jinja waliupata Tanga."

"Tanga mna nini nyie zaidi ya katani?"

"Tuna adabu. Hatumbishii mtu mdomo umejaa."

Mwalimu alikuwa amesimama na chaki yake, uso kama mtu aliyekosa basi la mwisho. Lakini kosa la tarehe hawezi kulipita. Akastahimili, akastahimili, kisha akageukia ubao.

"Si Jinja wala si Tanga," akasema. "Muhogo ulitoka Amerika. Wareno ndio waliouleta kwa merikebu." Akachora bahari, akachora Brazili, akaja akachukua kipande cha muhogo kutoka kwenye bakuli akakitembeza juu ya ramani mpaka Afrika, chaki imemjaa ndevuni.

Mama wa kamati hakujua neno la Kiswahili. Aliloliona ni mwanamume na muhogo mbele ya ubao. Akafuta vidole, akasimama, akasema kwa Kiingereza kwamba hajapata kuona darasa la mapishi zuri kama hili, na kamati itafurahi sana. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Na wewe ndiye mwalimu wao?"

Huyu ni mtu ambaye mkewe hamruhusu kugusa birika. Akimsahihisha, ukumbi umekwenda. Aliitazama ramani yake, akatutazama sisi na masahani yetu, akanitazama mie kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili.

"Ndiyo, mama," akasema. "Mimi ndiye mwalimu."

Wala hakusema uongo.

Kwa miaka mingi mlangoni palibandikwa "Mapishi", na ndani Warumi wakaanguka tena na tena. Kila kamati ilipotuma mtu, tulimfunga Mwalimu aproni, akasimama mbele ya muhogo akieleza falsafa kwa Kiswahili, na mgeni akiitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Alipostaafu kamati ilimpa sufuria kubwa ya shaba, imechongwa jina lake, na mbele ya jina, "Mwalimu". Mkewe hakumruhusu kuipikia. Aliiweka sebuleni juu ya televisheni, upande wa maandishi ukitazama mlangoni, na wenziwe wa kiwanja cha ndege, wale wa kumwita Sid, walipokuja kumjulia hali, aliwakalisha hapo hapo mbele ya sufuria.